Shahada ya uandishi wa habari kwa mfuko wa familia ya Tanga: unalipia nini hasa

Barua ya udahili ikifika nyumbani, iwe Makorora, Pongwe au Muheza, jicho la mzazi huenda moja kwa moja kwenye mstari wa ada. Hapo ndipo hesabu nyingi zinapoharibikia. Ada ni kiingilio tu. Gharama iliyobaki imetawanyika vipande vipande kwa miaka mitatu: kodi ya chumba, bando, nauli, maiki, kadi ya kumbukumbu, mtihani wa kurudia. Tathmini hii inaipima shahada ya uandishi wa habari kama inavyopimwa huduma yoyote inayouzwa kwa familia ya Tanga: inakula kiasi gani, ndani yake kuna nini, inavuja wapi, na lini ni heri kununua kitu kingine.

Kwanza, kinachonunuliwa. Nadharia za mawasiliano, historia ya magazeti, sheria na maadili ya taaluma ni mambo ambayo kijana mwenye bidii anaweza kuyasoma akiwa kibarazani kwao Ngamiani. Asichoweza kujipatia peke yake ni vitu viwili: saa za studio yenye vifaa vinavyofanya kazi, na mhariri mzoefu anayemrudishia habari yake imejaa wino mwekundu kisha kesho yake akaidai tena. Chuo chenye hivyo viwili kinastahili pesa ya mzazi. Kisicho navyo kinauza cheti, na cheti kitupu ni ghali mno kwa bei hii.

Kwa mtoto wa Tanga, shahada hii maana yake ni kuhama. Wengi huelekea Dar es Salaam, ambako Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Mikocheni, si Mlimani kama wazazi wengi wanavyodhani. Ndicho kile kilichokuwa Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania, TSJ, kilichoanzishwa 1975 na kuunganishwa na chuo kikuu mwaka 2003. Wengine huenda SAUT, yaani Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Nyegezi, Mwanza, au Iringa. Muda ni miaka mitatu. Sifa ya chini ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwa aliyetoka kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi wenye jumla isiyopungua pointi 4, na kila chuo huongeza masharti yake.

Hesabu ya mwaka mmoja

Tutumie tarakimu za duara, kila familia izibadilishe kwa barua iliyo mkononi mwake. Chukua ada ya 1,300,000 kwa mwaka. Juu yake kuna michango inayoandikwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa: usajili, kitambulisho, mitihani, serikali ya wanafunzi, 20,000 ya udhibiti ubora inayokwenda TCU, na bima ya afya ya NHIF ambayo kwa mwanafunzi imekuwa 50,400 kwa miaka mingi. Yote iweke 200,000. Mwanafunzi mwenye kadi hai ya bima kupitia kwa mzazi apeleke nakala kwa mhasibu kabla ya kulipa, maana akishalipa kurudishiwa ni safari ndefu.

Chumba cha kushirikiana, 60,000 kwa kichwa kwa mwezi, miezi kumi, ni 600,000. Chakula cha 6,000 kwa siku, yaani chai na milo miwili kwa mama lishe, kwa siku 240 ni 1,440,000. Daladala 1,200 kwa siku 200 ni 240,000. Basi kutoka stendi ya Kange hadi Dar, kwenda na kurudi mara nne kwa mwaka, tukikadiria 20,000 kila safari, ni 160,000. Bando la 20,000 kwa miezi tisa ni 180,000. Kuchapa, kudurufu na vitabu, 150,000. Mwaka mmoja umekula 4,270,000, na mitatu 12,810,000. Ongeza 900,000 ya vifaa vya kazi kwa muda wote, unafika 13,710,000. Ndani ya fedha hiyo ada ni 3,900,000, chini ya theluthi moja.

Ndiyo maana familia inayokimbilia chuo chenye ada pungufu ya laki mbili, lakini kilicho mbali zaidi au kwenye mji wa kodi kubwa, haijaokoa kitu. Na ndiyo maana mjomba mwenye nyumba Mwenge au Kijitonyama ana thamani kuliko punguzo lolote la ada. Lakini si kila ndugu ni nafuu. Anayeishi Chanika au Mbagala anamweka kijana barabarani saa tatu au nne kwa siku, na vipindi vya studio mara nyingi huangukia jioni. Halafu mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: mwanafunzi atakayekuwa mlezi wa watoto wa nyumba hatakuwa na saa ya kuhariri. Kaeni na huyo ndugu kabla, mkubaliane kwa maneno ya wazi anasaidia nini nyumbani na ninyi mnachangia nini. Gunia la nazi na debe la mchele lililopakiwa Kange kila baada ya miezi miwili hulinda heshima ya pande zote.

Bei ya saa moja ya studio

Hiki ndicho kipimo tunachokiamini kuliko sifa za chuo wala uzuri wa jengo. Chukua darasa la wanafunzi 80 na studio moja ya redio. Studio ina zamu tatu kwa siku, kila moja saa mbili, kwa siku tano, na kila zamu huingia watu wanne: mtangazaji, msomaji wa habari, fundi wa mitambo na mtayarishaji. Hizo ni zamu 15 kwa wiki, nafasi 60. Mwanafunzi mmoja anapata zamu kama 11 katika muhula wa wiki 15, yaani takriban saa 22. Gawanya nusu ya ada, 650,000, kwa saa hizo: karibu 29,500 kwa saa. Ni bei inayoweza kuteteka.

Sasa weka darasa la watu 200 kwenye studio ileile. Mwanafunzi anabaki na zamu nne au tano, saa tisa tu kwa muhula, na bei ya saa moja inapanda hadi 72,000. Ada haijabadilika, jina la shahada halijabadilika, lakini mzazi sasa analipa zaidi ya mara mbili kwa bidhaa ileile. Na hapo umeme haujakatika. Zamu inayokatizwa na umeme kwa kawaida hairudishwi.

Kwa hiyo kabla ya kuthibitisha udahili, mtu mzima wa familia aende chuoni siku ya kazi, katikati ya wiki, asitegemee siku ya maonyesho. Aulize darasa lililopita lilikuwa na watu wangapi. Aombe kuona daftari la kuazima vifaa na aangalie tarehe ya mwisho iliyoandikwa: daftari ambalo mstari wake wa mwisho ni wa miezi minne nyuma linasema kamera zimefungiwa kabatini au zimekufa betri. Aulize ufunguo wa studio anao nani na huyo mtu huondoka saa ngapi. Swali hili linaonekana dogo, lakini fundi mmoja mwenye ufunguo mmoja anayetoka saa tisa na nusu alasiri anafuta zamu zote za jioni. Aulize hedifoni za kusikilizia ni ngapi, na asimame nyuma ya meza ya kuchanganyia sauti ahesabu vitelezi vilivyobandikwa karatasi ya "mbovu".

Kisha aombe kuona kazi moja ya mwanafunzi wa mwaka wa pili iliyosahihishwa. Alama "12/20" peke yake juu ya ukurasa haimfundishi mtu kitu. Kazi iliyosahihishwa kweli ina sentensi ya kwanza iliyokatwa na kuandikwa upya, ina swali pembeni "nani kasema?", ina duara kwenye jina lililoandikwa kwa namna mbili tofauti. Kama chuo kina redio yake, kama ilivyo kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au SAUT, fungulia saa nzima usikilize: wanafunzi wanasikika wakisoma habari walizozikusanya wenyewe, au ni muziki tu na matangazo?

Vifaa: nunua taratibu, na si kwa kufuata mkumbo

Kosa kubwa la mwaka wa kwanza ni kununua kamera. Muhula mzima wa kwanza ni kuandika na kusoma, na kamera ya milioni moja inakaa ndani ya begi ikisubiri mwizi. Simu nzuri ya Android aliyonayo inatosha kwa picha na video za mazoezi. Kinachohitajika mapema ni laptopu, na hapa kuna kima cha chini: RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256. Chini ya hapo, programu ya kuhariri video itaganda kila dakika. Ya mtumba inafaa, ila iwashwe dukani bila chaja kwa nusu saa, ifunguliwe na kufungwa mara kadhaa kuangalia bawaba, na kila tundu la USB lijaribiwe. Kwa sauti, Audacity ni ya bure na inatosha kwa miaka yote mitatu. Kwa video, DaVinci Resolve nayo ina toleo la bure, lakini inataka mashine yenye nguvu, GB 16 ndiyo inapumua, kwa hiyo mwenye GB 8 atumie programu nyepesi zaidi.

Maiki ndogo ya kubana kwenye ukosi ndiyo ununuzi wenye faida kuliko wote, na ndiyo unaowaliza wengi. Shika pini yake ya milimita 3.5 uitazame karibu. Ukiona mistari miwili myeusi iliyoizunguka, hiyo ni ya kamera. Ukiichomeka kwenye simu, simu haitaitambua, itarekodi kwa maiki yake yenyewe, na utagundua ukiwa umesharudi nyumbani na sauti inatoka mbali kama mtu yuko chooni. Ya simu ina mistari mitatu. Kuna adapta inayogeuza moja kuwa nyingine, haina bei kubwa, ila lazima umwambie muuzaji kuwa inageuza mistari miwili kuwa mitatu, kwa sababu wauzaji wengine hutoa yoyote iliyo karibu. Na simu nyingi mpya hazina tundu hilo kabisa, zinataka maiki ya USB-C. Angalia simu kwanza, ndipo ununue maiki.

Upepo wa pwani una shida zake. Mahojiano yaliyorekodiwa Raskazone au Deep Sea bila kinga ya manyoya kwenye maiki hayatumiki, kwani ule mvumo hauondolewi na programu yoyote bila kuharibu sauti ya mtu. Kitambaa cha sufu kilichofungwa vizuri ni afadhali kuliko kukosa. Chumvi na unyevu nao huotesha kuvu ndani ya lenzi, utando kama wa buibui unaoonekana ukimulika tochi. Kwa kukaa likizo Tanga, kamera au lenzi ihifadhiwe kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya chembe za kukausha vinavyokuja ndani ya boksi za viatu.

Kuhusu nafasi ya kuhifadhi: video ya kawaida ya simu, 1080p, hula kama MB 130 kwa dakika. Kadi ya GB 64 inabeba takriban saa nane. Kadi bandia zimejaa sokoni, zimeandikwa 64 na ndani ni 8. Dawa yake ni kuijaza mafaili hadi mwisho siku ileile ya kununua, kisha kulifungua faili la mwisho. Likikataa kufunguka, irudishe. Diski ya nje si anasa. Kazi ya mwisho ya mwaka wa tatu iliyo kwenye laptopu moja tu imewafanya wanafunzi kurudia mradi mzima baada ya laptopu kuibwa au kuanguka.

Mkopo unavyofanya kazi, na unavyokwama

Bodi ya Mikopo, HESLB, imekuwa ikifanya kazi tangu 2005, na kwa familia nyingi za Tanga ndiyo tofauti kati ya kusoma na kutosoma. Lakini uandishi wa habari hauko kwenye kundi la fani zinazotangulizwa kama udaktari, uhandisi na ualimu wa sayansi, kwa hiyo usipange bajeti kana kwamba mkopo umeshatoka. Samia Skolashipu nayo ni ya waliong'ara katika tahasusi za sayansi. Mwenye tahasusi za sanaa kama HKL au HGL asiihesabu.

Maombi hufanywa mtandaoni, ada ya maombi imekuwa 30,000 kwa namba ya malipo. Yanayokwamisha ni madogo na yanajirudia kila mwaka. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na jina likiwa Bakari kwenye cheti na Bakary kwenye matokeo ya kidato cha nne, uhakiki unagoma. Majina ya Tanga yana mitego hiyo mingi: Mwanaidi na Mwanahidi, Ramadhani na Ramadhan, Athumani na Othman. Linganisha herufi kwa herufi akiwa bado kidato cha tano, kwa sababu kiapo cha jina na marekebisho huchukua wiki, na dirisha la maombi halisubiri. Aliyefiwa na mzazi ahakikishe cheti cha kifo nacho kimehakikiwa, maana kipengele hicho kina uzito mkubwa katika kupima uhitaji. Vilevile namba ya kaya ya TASAF, mpango wa kusaidia kaya maskini, kwa familia zilizomo.

Fomu ikichapwa hupita kwa serikali ya mtaa au kijiji, kisha kwa wakili au hakimu. Kila sahihi na muhuri viwe mahali pake; mhuri uliofifia ukapigwa picha gizani unasomwa kama haupo. Pigeni skani steshonari, siyo kwa simu. Na namba ya mtihani wa kidato cha nne iliyotumika kuombea chuo iwe ileile ya kuombea mkopo. Aliyerudia mtihani ana namba mbili, akichanganya, mfumo unamwona kama watu wawili.

Akidahiliwa vyuo zaidi ya kimoja, lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Simu iliyosajiliwa kwa jina la dada aliyehamia Pemba imewahi kumgharimu mwombaji nafasi. Laini iwe mkononi mwake.

Mkopo ukipatikana hugawanyika: chakula na malazi, vitabu na vifaa vya kuandikia, mafunzo kwa vitendo, na sehemu ya ada kwa kadiri ya uhitaji. Fedha ya kujikimu ilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na hutolewa kwa mafungu ya kama siku 60, yaani 600,000 kwa fungu kwa aliyepata kamili. Hiyo ndiyo bumu. Kwa hesabu yetu ya juu, siku 240 ni 2,400,000, inafunika chumba na chakula na kubakiza 360,000. Shida ni kwamba mwenye nyumba anataka miezi mitatu au sita mbele, na bumu haitoki hadi mwanafunzi amesajiliwa na kusaini kwa alama ya kidole. Asiyekuwepo siku za kusaini kwa sababu yuko Tanga kwenye msiba anasubiri. Ampigie afisa mikopo wa chuo siku hiyohiyo.

Deni nalo lijulikane kabla. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani na adhabu ya asilimia 10 ziliondolewa 2021, na hiyo ni nafuu kubwa. Inabaki ada ya uendeshaji ya asilimia 1. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tuseme amekopa jumla ya 9,000,000 na redio inamlipa 500,000: makato ni 75,000 kwa mwezi, na atalimaliza deni kwa kama miaka kumi. Asiye na ajira rasmi, kama mwandishi anayelipwa kwa kila habari, anatakiwa kurejesha kwa kima cha 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato chake. Kwa anayeanza, hicho ni kisu. Aliyemaliza ana miezi 24 kabla ya kutakiwa kuanza.

Fildi ifanyike nyumbani

Mafunzo kwa vitendo, fildi, ndiyo sehemu ambayo familia ya Tanga inaweza kupata zaidi ya ilicholipa. Mkopo una kipengele chake, hadi 10,000 kwa siku kwa siku zisizozidi 56. Mwanafunzi wa Dar anayeng'ang'ania chombo kikubwa cha mjini mara nyingi hukaa wiki tatu akibeba stendi ya kamera na kuchemsha chai ya kikao. Redio ya mkoani haina watu wa kutosha: wiki ya kwanza atapewa kinasa sauti aende halmashauri, wiki ya pili atasoma habari fupi, wiki ya nne atakuwa anahariri. Tanga mjini kuna redio kadhaa, na Pangani FM ipo kwa anayetaka redio jamii yenye habari za wavuvi, minazi na bahari. Anakula nyumbani, halipi kodi. Barua ya maombi ipelekwe miezi miwili kabla, kwa mkono, na jina la msimamizi atakayejaza daftari la tathmini liandikwe kabisa. Fildi isiyojazwa daftari ni fildi ya kurudia, na kurudia fildi ni mwaka mzima.

Hapo tumefika kwenye gharama isiyokuwa kwenye barua yoyote: sapu (mtihani wa kurudia), keri (somo linalobebwa hadi mwaka unaofuata) na disko (kuondolewa masomoni). Sapu ina ada yake na nauli yake ya kurudi chuoni wakati wa likizo. Keri inaweza kusukuma mwaka wa nne, ambao kwa hesabu yetu ni milioni nne nyingine, na mkopo hauahidi kuufuata. Disko huacha deni bila shahada. Wanaofeli uandishi wa habari mara nyingi hufeli somo la lugha ya Kiingereza au takwimu za utafiti. Habari zenyewe hawazifeli. Anayejijua dhaifu atumie ile miezi ya kusubiri chuo kusoma gazeti moja la Kiingereza kila siku na kulifupisha kwa mkono. Gazeti la jana halina bei.

Hukumu yetu, na njia nyingine mbili

Kwa bei ya milioni 13 na ushee, shahada hii tunaipa nyota tatu kati ya tano pale chuo kinapopita kipimo cha studio na wino mwekundu, na moja pale kisipopita. Haipati zaidi kwa sababu mshahara wa kuanzia katika vyumba vingi vya habari hauendani na gharama yake, na kijana asiyelipwa vizuri huishia kutegemea bahasha za mikutano, jambo linaloua kazi yenyewe.

Stashahada ipewe uzito unaostahili. Chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, mwandishi anahitaji ithibati, na elimu ya chini inayotakiwa na kanuni zake ni stashahada. Kwa hiyo, kwa anayetaka kuripoti, stashahada inafungua mlango uleule. Aliyemaliza kidato cha sita na ufaulu wa somo moja la msingi na moja la ngazi ya chini yake huanza ngazi ya tano na kumaliza kwa miaka miwili. Akipata wastani wa GPA 3.0 anaweza kuomba shahada baadaye, akiwa tayari na kazi. Kasoro yake ni mkopo: mikopo ya stashahada ilipoanza 2023/24 ilikuwa ya fani chache kama afya, ualimu, usafirishaji na kilimo, na habari haikuwemo. Familia inalipa taslimu.

Njia ya pili ni Chuo Kikuu Huria, chenye kituo Tanga na shahada ya uandishi wa habari. Kijana anabaki nyumbani, kodi na chakula cha mjini vinaondoka kwenye hesabu, milioni mbili na zaidi kwa mwaka. Kinachokosekana ni saa za studio, na hizo lazima azitafute mwenyewe kwa kujitolea kwenye redio ya hapahapa, siku tatu kwa wiki, kwa makubaliano yaliyoandikwa. Kwa kijana mwenye nidhamu, tunaona hii ndiyo thamani bora kuliko zote. Kwa asiyejisukuma, miaka mitatu itageuka sita.

Wiki ya kwanza

Kwa atakayekwenda Dar, fedha ngumu kuliko zote ni ile ya wiki ya kwanza, kabla ya bumu: nusu ya ada 650,000, michango 200,000, kodi ya miezi mitatu 180,000, chakula cha mwezi 180,000, basi 20,000, godoro, ndoo na neti 100,000. Jumla 1,330,000, na inahitajika taslimu kati ya Oktoba na Novemba. Kwa familia ya mvuvi wa Sahare au Tongoni huo ni wakati mbaya, kusi ndiyo kwanza inaisha na bahari imekuwa chafu miezi mingi. Mwenye machungwa Muheza naye msimu wake mkubwa ulikuwa katikati ya mwaka, na fedha imeshapata kazi nyingine.

Kwa hiyo akiba ianze mtoto akiingia kidato cha tano, na ifuate mfuko unavyojaa. Mwenye mshahara atenge 55,000 na ushee kwa miezi 24. Mvuvi atenge wakati wa kaskazi tu, Novemba hadi Machi, kaskazi mbili, miezi kumi: 133,000 kwa mwezi, iwekwe kwenye kikundi cha kuweka na kukopa au akaunti isiyo na kadi, kwa jina la mama na mtoto wote wawili.